Muswada wa Vivuko na Daw Ohn Kyi

Meza ya Daw Ohn Kyi, yaani Bi Ohn Kyi, ilikuwa dirishani, yangu mlangoni. Kazi yetu pale Naypyidaw, mji mkuu mpya, mwaka wa pili tangu bunge lifunguliwe, ilikuwa kupokea mapendekezo ya miswada kutoka idara zote na kuyapanga kwa madaraja. La kwanza: muswada lazima upite kikao hiki, maana bajeti au roho za watu zinautegemea. La pili: upite muda ukipatikana. La tatu: haujaiva, urudi kwa wenyewe. Mimi nilichapa tu. Mkurugenzi hakutia saini mpaka aone mwandiko wa Daw Ohn Kyi pembeni.

Alikuwa na miaka hamsini na mbili, hajaolewa. Serikali ilipohamia huku alihama nayo, akawaacha dada zake Yangon, mji mkuu wa zamani, akapewa chumba katika bweni la watumishi wasio na familia. Jumapili alifua, akaanika, akakaa akingoja nguo zikauke. Aliwahi kuniambia kwamba siku nyingine husoma lebo za makopo kwa sauti, asije akasahau kuongea.

Mgeni wake alikuwa mmoja: U Sein Hlaing, mgane aliyefanya kazi katika idara ndogo ya vivuko vya mtoni. Muswada wake ulitaka kila boti ya abiria ikaguliwe na iwe na maboya ya kujiokolea. Ulikuwa daraja la tatu, na kila Jumanne alikuja kuuulizia.

"Dada, mwanangu bado anarudia darasa la tatu?"

"Hajamaliza mtihani, Kaka. Barua ya wizara ya fedha iko wapi?"

"Wale wananizungusha kama pia."

"Basi zunguka. Pia ikisimama, inaanguka."

Wakanywa chai, wakacheka. Juma zima sikumsikia akicheka tena.

Barua ya wizara ya fedha ilifika Jumatano moja ya Julai, mvua ikimwagika. Wamekubali. Daw Ohn Kyi aliisoma mara mbili, akaitia kwenye droo. Nilimwona, nikaendelea kuchapa.

Jumanne U Sein Hlaing alikuja, maji yakimchuruzika.

"Imefika?"

"Bado, Kaka."

Safari hii hakutania. "Juzi boti imezama kule delta. Watu walikuwa wanatoka sokoni. Wanne hawajaonekana." Akanywa chai wima, akaondoka.

Daw Ohn Kyi alivisukuma vikombe kando. Kisha akaitoa ile barua, akaandika pembeni mwa jalada "la kwanza", akalipeleka mwenyewe kwa mkurugenzi. Mlango ulikuwa wazi, niliwasikia.

"Hii imefika lini?"

"Siku sita zilizopita, bwana. Ilikaa kwangu."

"Kwa nini?"

"Sina sababu ya kukuandikia."

Orodha ya miswada ya kikao ilikuwa ifungwe Ijumaa. Mkurugenzi alimtazama, akatia saini.

Jumanne iliyofuata mgeni alikuja na pakiti ya majani ya chai yaliyochachushwa, ya kutafuna pamoja, uso umemchangamka. "Mwanangu amefaulu!"

"Kaa, Kaka." Hakukaa. "Barua ilikuwa imeshafika siku ile. Nilikudanganya."

"Labda ulizidiwa na kazi."

"Sikuzidiwa. Nilijua ikitoka hapa hutakuwa na la kukuleta."

Nikainamia mashine yangu. U Sein Hlaing aliiweka pakiti mezani taratibu.

"Asante kwa daraja la kwanza, Daw Ohn Kyi," akasema. Hakumwita Dada.

Hakuja tena. Muswada ulipita Septemba. Tuliutazama kwenye televisheni ya kantini, na Daw Ohn Kyi peke yake ndiye aliyepiga makofi. Oktoba akaomba ruhusa ya saa moja, akaenda kwa miguu mpaka idara ya vivuko. Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe.

"Amehamishiwa bandari ya Mawlamyine," mlinzi alimwambia. "Anakagua maboti. Nimwambie nani alikuja?"

"Hakuna haja."

Akatoka. Barabara ile pana ilikuwa tupu, isipokuwa mwanamke mmoja aliyekuwa akikata nyasi za tuta la katikati ya njia. Daw Ohn Kyi alisimama pale mpaka yule mwanamke akamaliza tuta zima. Kisha akarudi kwa mlinzi.

"Andika Ohn Kyi. Wa orodha ya miswada."

"Na ujumbe?"

"Mwambie nilikuja kumwomba radhi."

Mpaka mimi nilipohamishwa, mwaka uliofuata, hakuna barua iliyokuwa imetoka Mawlamyine. Kila posta ilipoingia, yeye ndiye aliyeinuka kuipokea.