Fahali wa Mgeni

Athuman fundi baiskeli hakuwahi kujifunza kusema hapana, na hilo ndilo lililomfikisha kisiwani Kinyero, mahali ambapo mtu mwenye akili zake timamu hakuwa na sababu ya kwenda.

Pale Tarime mjini alijulikana kwa mambo mawili: hakuna baiskeli iliyomshinda, na kisu chake kilikuwa hakina mfano. Babu yake alitoka pwani na wafanyabiashara, akaoa Mkurya, akabaki, na katika ukoo ule mtoto wa kiume alifundishwa kuchinja mapema kama wenzake wanavyofundishwa kuchunga. Kukiwa na sherehe ya shule au mkutano wa Chama kule Gorong'a au Nyanungu, na ikahofiwa kwamba kati ya wageni huenda kuna Mwislamu hata mmoja, watu walikimbilia kwa Athuman. Waislamu walikuwa wengi mjini, lakini wenzake waliuliza watapewa nini. Yeye aliuliza ni lini tu. Mwisho wa shughuli alipewa shingo ya mnyama, ambayo ndiyo haki ya mchinjaji, akarudi nayo nyumbani amefurahi kama mjinga.

Siku binti yake mkubwa, Maua, anaolewa, Athuman alikuwa Mbalibali, kule Serengeti, akichinja kwa ajili ya ufunguzi wa ghala la kijiji. Lori lililoahidiwa kumrudisha halikuonekana. Mdogo wake Jumaa ndiye aliyekaa mahali pake mbele ya shehe akamwozesha bibi harusi. Maua hakulalamika. Ila tangu siku ile, kila alipokuja kusalimia, alimpa baba yake shikamoo yake kisha akaingia jikoni kwa mama yake, na huko huko akakaa mpaka wakati wa kuondoka.

Kwa hiyo Arafa, binti wa mwisho, alisema mapema. "Baba, nataka uniozeshe wewe mwenyewe. Si Baba Mdogo. Ukinifanya kama dada Maua, mimi hata huko jikoni sitakuja."

Athuman aliapa mbele ya mkewe, Kuruthumu. Ndoa ilipangwa Ijumaa, baada ya sala.

Jumatatu ya wiki hiyo hiyo mjumbe akafika kwenye kibanda chake cha baiskeli. Mkubwa mmoja wa wilayani angevuka ziwa kesho yake kwenda Kinyero kukiona kijiji kipya cha ujamaa. Wanakijiji wamemtengea fahali, lakini wote kule ni Wasabato, hakuna Mwislamu wa kumchinja. Shughuli yenyewe ni ya Chama. "Jumatano uko nyumbani, Mzee Athuman. Wallahi." Mjumbe mwenyewe alikuwa Mkatoliki, lakini alipotaka kitu aliapa kwa dini ya anayemwomba.

Kuruthumu alimfungia mumewe kisu ndani ya kanzu na akaenda kuchambua mchele wa harusi.

Kinyero ni kisiwa cha mawe na dagaa. Hakikuwa na duka, shule wala barabara, na kukizunguka kwa miguu hakukuhitaji mtu avae viatu vizuri. Amri ya kuhamia vijijini ilipofika, watu wa pale, ambao hawakuwa na pa kuhamia isipokuwa majini, walibomoa nyumba zao na kuzijenga upya kwa mstari ulionyooka, ili naye mgeni akifika aone kijiji. Mwisho wa mstari, kwenye mti mmoja wa miiba, ndipo fahali alipofungwa. Alikuwa mwekundu, amenona, anakula majani aliyokatiwa na watu wazima kama mfalme.

Jumanne mgeni hakuja. Wanawake waliokuwa wamejipanga ufukweni na nyimbo zao walirudi nyumbani koo zimekauka. Jumatano hakuja pia, na Athuman akamfuata mwenyekiti wa kijiji, mtu mrefu aitwaye Nashoni, aliyevaa shati la kijani kila siku kwa kuhofia mgeni asije akamkuta na jingine.

"Ndugu Mwenyekiti, nipeni mtumbwi nirudi. Nina harusi ya mtoto."

"Sasa wewe ukienda, mgeni akikuja, nani atachinja?"

"Mtanifuata."

"Tukufuate Tarime? Na mgeni anangoja hapa na njaa yake?" Nashoni akamwekea mkono begani. "Omera, ndugu yangu, ngoja kesho. Kesho lazima anakuja."

Kumbe Nashoni alikwisha kuwakataza waendesha mitumbwi wote. Athuman alimwendea huyu, akamwendea yule, na kila mmoja aliangalia nyavu zake akasema makasia yamevunjika. Kisiwa kizima hakikuwa na kasia zima, na bado kila asubuhi walikwenda kuvua! Athuman alikaa juu ya jiwe akawatukana kimoyomoyo, wao na mjumbe na mgeni na huyo fahali aliyekuwa anacheua bila wasiwasi wowote. Zaidi ya wote alijitukana yeye. Nani alimlazimisha kutoka nyumbani wiki ya harusi?

Alikuwa amepewa pa kulala kwa Teresia, mama mtu mzima, mjane. Teresia alimpikia ugali na samaki wabichi, akamwekea maji ya kutawadha, akawanyamazisha watu alipokuwa anasali. Jioni, akiparua samaki, alimsomea hotuba yake. Kijiji kilikuwa kimemchagua yeye azungumze na mgeni, kwa sababu binti yake alikuwa amefia kwenye mtumbwi, katikati ya ziwa, akipelekwa ng'ambo kujifungua. Mtoto naye hakupona. Teresia alitaka kumwomba mkubwa chumba kimoja tu cha zahanati na mkunga mmoja.

"Kiswahili changu ni kizuri?" alimwuliza Athuman. "Nikisema 'tunaomba' ama 'tunataka'?"

"Sema tunaomba, Mama."

"Nimeomba sana. Safari hii nilikuwa nataka kusema tunataka."

Athuman alimsikiliza, na kweli alimwonea huruma. Lakini nusu ya masikio yake yalikuwa Tarime.

Alhamisi mgeni hakuja. Usiku huo Athuman hakulala vizuri, na Ijumaa alfajiri, baada ya kusali, alikuwa na hakika ya jambo moja: mchinjaji anashikiliwa kwa sababu fahali yuko hai. Akifa fahali, hakuna wa kumtaka tena.

Mtu mmoja hawezi kumwangusha fahali. Alisubiri mpaka Nashoni alipotangulia na wengi kwenye shamba la kijiji, kisha akapanda juu ya mwamba akaanza kupiga kelele. "Boti ya mgeni ile! Inakuja! Mlazeni ng'ombe!" Chini ziwani kulikuwa kweli na chombo kinakuja, cha wavuvi. Wanaume waliobaki wakitengeneza nyavu waliacha kila kitu, wakakimbia na kamba. Walimfunga fahali miguu na kumwangusha, wakamwelekeza kichwa walikoambiwa. Athuman akataja jina la Mungu wake, na mambo yakaisha upesi.

Wavuvi walipofika ufukweni na ndoo zao za dagaa, watu wote walimgeukia Athuman. Nashoni alifika anahema, jembe begani, akamtazama fahali, akamtazama Athuman, akalitupa jembe.

"Umetufanyia nini?"

"Nimemaliza kazi niliyoitiwa. Nipelekeni."

"Mwongo wewe! Mzee mzima!" Nashoni akawageukia vijana wake. "Mvusheni. Mtu huyu asilale tena hapa."

Makasia yakapatikana papo hapo. Athuman alikuwa amekwisha kuketi ndani ya mtumbwi Teresia aliposhuka polepole kwenye mawe, amebeba shingo ya fahali ndani ya majani ya mgomba. Akamwekea miguuni. "Hii ni yako," alisema. "Msalimie bibi harusi. Na mgeni akija hata bila ng'ombe, mimi nitaongea tu." Athuman alishindwa kumtazama. Alisema asante akiwa ameyaangalia maji.

Ng'ambo alipanda barabara akitembea nusu na kukimbia nusu, kanzu kwapani, shingo ya fahali mkononi inadondosha. Jua lilikuwa linapanda kwa kasi. Lori halikuwapo, wala baiskeli ya kuazima. Alikuwa karibu kulia kwa hasira alipoona vumbi mbele yake, na Landrova ya serikali ikasimama. Ilikuwa inakwenda alikotoka.

Ndani alikaa mtu mnene mwenye miwani, Ndugu Venant, mkubwa mwenyewe. Mwenyeji wa Bukoba huyo, na alikuwa na heshima zake: aliteremka kumsalimu mzee aliyelowa damu.

"Shikamoo mzee. Umepata ajali?"

"Marahaba. Hapana, Ndugu. Ni nyama. Ndiyo kwanza nimetoka Kinyero, nilikuwa mchinjaji wenu."

"Kumbe! Nilikwamishwa na vikao wiki nzima, nikasema leo lazima. Ina maana wamekwisha chinja?"

"Wamechinja."

"Wamekula?"

"Watakuwa wanakula sasa hivi."

Venant alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Basi walijua siji, wamefanya sherehe yao. Mimi na maji hatupatani, mzee, nisikufiche. Kule kuna jambo lolote linalonisubiri?"

Swali lilikuwa rahisi na jibu lilikuwa kwenye ulimi. Lakini Athuman alikuwa amekwisha piga hesabu yake. Akisema lipo, gari litaendelea ziwani, naye ataachwa barabarani na miguu yake; huko mjini Jumaa atavaa kofia yake nzuri, na Arafa ataozeshwa na baba mdogo kama dada yake. Aliitazama pua ya gari ilivyoelekea ziwani.

"Hakuna, Ndugu," alisema. "Salamu tu."

"Basi geuza," Venant alimwambia dereva. "Mzee, unakwenda Tarime? Panda."

Njia nzima Venant alimsimulia habari za migomba ya kwao, na Athuman aliitikia mahali pasipostahili. Walipoingia mjini, sala ilikuwa imekwisha na watu bado wamejaa barazani mwa msikiti. Jumaa alikuwa pale na kofia yake nzuri. Alipomwona kaka yake akaruka. "Amekuja! Shehe, baba wa bibi harusi amekuja!"

Athuman aliteremka. Mlango wa gari ulikuwa bado mkononi mwake.

"Ndugu," alisema, "kule wanakusubiri. Kuna mama anaitwa Teresia. Wanataka zahanati. Binti yake alifia kwenye mtumbwi."

Venant hakupandisha sauti. "Nilikuuliza, mzee. Ungesema pale, ningevuka."

"Nenda kesho, Ndugu. Keshokutwa."

"Jumatatu nakabidhi ofisi. Nimehamishiwa Kigoma. Hii ndiyo ilikuwa siku yangu ya mwisho kuwa na gari." Akaunyoosha mkono na kuuvuta mlango taratibu kutoka kwenye vidole vya Athuman. "Hongera kwa harusi."

Walimpokea shingo ya fahali, wakamnawisha damu, wakamwingiza msikitini wakimsukuma kwa furaha. Walimvisha kanzu, wakamketisha mbele ya bwana harusi na kuishikanisha mikono yao. Shehe alimtajia maneno ya kumwozesha binti yake, naye akayafuata, akafika kwenye jina la Arafa na sauti ikagoma. Watu walicheka kwa upole wakidhani ni uchungu wa mzazi. Shehe akamwambia arudie kwa nguvu, kwa sababu mashahidi hawakusikia.