Niliuficha Moshi wa Gurupe, Paneli Zikaenda Moba

Nimekosa, ndugu zangu. Jina msiniulize, maana Kalemie ni mji mdogo na mama mkwe wangu ana masikio makali. Lakini nikizidi kunyamaza nitapasuka!

Mimi ni mhasibu katika shirika moja la akiba na mikopo. Wakubwa wetu wa Kinshasa waliahidi mbele ya wafadhili kwamba moshi wa shirika zima utapungua. Kila tawi likaamriwa kuandika mafuta linayochoma, ya pikipiki na ya jenereta, ile tunayoita gurupe. Hapa kwetu kazi hiyo nikapewa mimi, nikaitwa "responsable klima", yaani msimamizi wa tabianchi. Eh! Kichwa kikavimba.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Nilidhani ni mtihani, kwamba mwenye moshi mdogo ndiye wa kwanza. Umeme wetu unatoka kwenye mtambo wa maji wa Bendera, na maji hayana moshi, sivyo? Tatizo ni kwamba umeme huo huja na kuondoka unavyotaka, na ukiondoka, gurupe inanguruma mpaka jioni. Mimi nikaandika kwamba gurupe haitumiki kabisa. Gharama ya mazutu, yaani dizeli yake, nikaiingiza kwenye fungu la sabuni na usafi.

Shefu wetu, Papa Kalunga, aliposoma alikohoa.

"We mutoto, gurupe haifanyake kazi? Na hii kelele tunasikia njo ya nani?"

"Papa, tunataka kuwa wa kwanza ao hatutaki?"

Akatia sahihi.

Tukawa wa kwanza kweli! Kinshasa walituma sifa, Papa Kalunga akavaa koti kwenye joto lile, tukapiga picha huku gurupe imezimwa kwa heshima. Nikaenda kujisifu kwa mama mkwe, kupitia mke wangu, maana kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni. Mama huyo ni kiongozi wa wanawake wanaouza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na ni mimi niliyembembeleza mpaka kikundi chao kikaweka akiba kwetu.

Siku moja gari likasimama mlangoni petu likiwa na paneli za sola. Tuliimba! Papa Kalunga alicheza! Mpaka dereva alipotuomba tumsaidie kuzipeleka bandarini, zipande boti kwenda tawi letu la Moba.

Nikapiga simu Kinshasa. Dada mmoja akanijibu kwa Kifaransa kitamu kwamba paneli ni za matawi yenye moshi mwingi, ili wapunguze. Akaongeza: Moba walisema ukweli wao wote. Ninyi wa Kalemie hamna shida, hongereni!

Jamani! Haukuwa mtihani. Alikuwa daktari anauliza wapi panauma, nami nikamjibu sina mwili. Kweli, mficha uchi hazai. Paneli zile nilizibeba kwa mabega yangu mwenyewe mpaka kwenye boti.

Na haikuishia hapo. Kinshasa waliona Kalemie tunatumia sabuni nyingi kuliko hospitali, wakalikata fungu la usafi. Mazutu yakaisha. Asubuhi moja umeme ukaenda, kompyuta zikafa, na ndipo mama mkwe akaja na wenzake kuchukua akiba yao iwe mtaji, kwa sababu ndagala zilikuwa nyingi ufukweni. Walingoja mpaka wanunuzi wengine wakazimaliza zote.

Akaniita mbele ya watu. Nikatazama sakafu.

"Mukwe, gurupe iko wapi?"

"Iko, Mama. Haina mazutu."

"Juu ya nini?"

"Juu niliandika kama haifanyake kazi."

"Uliandikia nani?"

"Wakubwa, Mama. Ili wafurahi."

"Na wamefurahi?"

"Sana, Mama."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nikaandika upya, ukweli mtupu. Mnajua kilichonipata? Kwa kuwa gurupe yetu ilitoka kwenye sifuri, Kalemie ikatangazwa kuwa tawi lililoongeza moshi kuliko yote! Nikavuliwa cheo, na Papa Kalunga mpaka leo haitikii salamu yangu.

Mama mkwe naye alipanda boti na wenzake, wakahamishia akiba yao yote kwenye tawi la Moba. Kabla ya kuondoka alimtuma mke wangu: "Ambia bwana yako, sisi tunapeleka mali yetu kwa wale wenye kusemaka moshi yao."

Nililia, sioni haya kusema. Nanyi mnaoulizwa moshi wenu, uandikeni wote, hata ukiwaaibisha! Mimi nilitafuta sifa za Kinshasa, nikapoteza imani ya mama aliyenipa binti yake, na hiyo hakuna boti inayoirudisha.