Maziwa ya Moiben

Jumamosi iliyopita nilitoka Kapsoya na baiskeli nikaelekea Moiben, eti natalii. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekumbuka nyumbani. Mimi ni karani hapa Eldoret, lakini nilizaliwa Port Victoria, kando ya ziwa, na nilikuwa nimesikia huko Moiben kuna bwawa ambalo ukilitazama kwa mbali utadhani ni ziwa.

Nililiona nikiwa juu ya kilima. Nikasimama kwenye geti la boma fulani, nikitazama maji na kumuwaza mama yangu, mtu ambaye hajawahi kuruhusu mgeni apite kwake bila kuonja kitu.

Geti likafunguka. Mama mmoja akatoka na mkebe wa maziwa, akaniwekea mikononi.

"Pole kwa kungoja," akasema. "Leo ni kidogo."

Jameni, nilitaka kulia. Hanijui, na bado anaona aibu kwamba ni kidogo. Nikafungua mkebe, nikafumba macho, nikanywa kama mtoto.

"Mama, Mungu akubariki," nikamwambia. "Umenikumbusha mama yangu."

Alikuwa bado ananishangaa wakati kengele ya baiskeli ilipolia nyuma yangu. Mwanamume mmoja akashuka, mikebe imefungwa kwa mpira kwenye keria.

"Mama, maziwa ya kupeleka dairy iko tayari?"

"Si umemtuma huyu kijana wako?"

"Sijatuma mtu."

Wakageuka wote wawili kunitazama, na masharubu yangu yalikuwa meupe.