Sauti ya Vipimo

Macho yalipomchosha, fundi cherehani aliachana na daftari. Mkewe akawa anapima wateja na kutaja namba, simu ikirekodi. Sasa mkewe hayupo, na simu imejaa.

"Baba, nifute hivi vipimo?" binti yake aliuliza. "Wateja wengine walishafariki."

"Thubutu! Futa picha zangu, sura ninayo."

Binti alipoondoka, mzee alifumba macho, akabonyeza. Sauti ya marehemu mkewe ikakijaza chumba taratibu, kama mvuke wa pasi. Kifua cha mwalimu. Mabega ya dereva. Halafu rekodi ya mwisho, ya kwake mwenyewe: "Kiuno thelathini na nne. Umekonda, mzee wangu. Kula."

Akachukua tepu, akajizungushia kiunoni, akaisogeza karibu kabisa na macho. Thelathini.

Akaona haya, akaenda jikoni.