Mbinja za Shangazi Mbinya

Shangazi yangu Mbinya alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwetu, upande wa Kibwezi, na alikuwa na siri moja: alipiga mbinja. Kwetu mwanamke hapigi mbinja, basi. Usiniulize kwa nini. Mimi nilichapwa kwa kuuliza.

Kwa hiyo kila asubuhi alipanda milima ya Chyulu kutafuta kuni, na alipofika kwenye bonde lenye ukungu, mahali hata mbuzi hamwoni, aliupiga wimbo wa kindege fulani chenye koo jekundu alichokuwa akikisikia utotoni. Akimaliza anashuka na kuni zake, mtakatifu kabisa.

Mwaka wa 1986 akaja Wahome, kijana wa chuo kikuu kutoka Nyeri, kumtafuta ndege huyohuyo. Watu walisema ndege hao wameisha kabisa. Wahome akapiga hema mlimani, na wiki ya tatu akashuka mbio, matope hadi magotini, akimkumbatia kila aliyekutana naye. Amesikia madume wawili! Mmoja bondeni, mwingine juu msituni, wakijibizana kila asubuhi!

Jumapili Pasta Mutiso akamsimamisha atoe ushuhuda. Vigelegele vikapaa. Wahome akasema kesho ripoti yake inaenda Nairobi kwa walimu wake. Mimi nilikaa karibu na shangazi, nikamwona anatoka jasho. Akinyamaza, kijana wa watu ataaibika na ndege wa uongo. Akisema, uongozi kwaheri.

Akasimama.

"Kijana, huyo wa bondeni si ndege. Ni mimi. Napiganga mbinja huko."

Akamnyooshea Wahome kidole.

"Na wewe ulipoanza kunijibu kutoka huko juu, nikafikiria unanichezea tu. Sasa andika ukweli."

Wahome akamkodolea macho. "Mimi nikujibu?"

"Si ni wewe ulikuwa huko juu?"

"Mama, mimi sijui kupiga mbinja. Tangu nizaliwe!"

Akajaribu palepale. Ukatoka upepo na mate, yakatua kwenye miwani ya pasta. Tulicheka hadi benchi letu likaanguka. Kisha tukaelewa, mmoja baada ya mwingine, ni nani aliyekuwa akimjibu, na kicheko kikageuka mayowe. Shangazi alikuwa analia na kuruka, kitambaa kimemtoka kichwani.

Pasta Mutiso akafuta miwani polepole. Nilimshika shangazi mkono, maana nilijua linalokuja.

"Mama Mbinya," akasema, "hebu tupigie tusikie."