Tangazo la Msiba wa Mtu Aliye Hai

Kijijini kwetu, upande wa Nyakakika, watu wanaozikana ndio hao hao wanaobebana. Ukifa, kikundi kinachimba kaburi na kuleta ndizi na kuni. Ukiugua ukashindwa kukaa kwenye bodaboda, kikundi hicho hicho kinakuja na machela na kukupandisha kilima hadi barabarani kwenye gari. Nimekulia katika utaratibu huo, ndiyo maana sina cha kujitetea.

Kompyuta nilijifundisha mwenyewe. Nilitazama video, nikakosea, nikarudia, na hata leo situmi ujumbe wa simu bila kuusoma upya mpaka niuchukie. Mwenyekiti wa kikundi aliponiomba nitengeneze msaidizi wa akili bandia, wa kupokea jumbe za wanachama na kuwaarifu wengine, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Nilitaka sana kuonekana nina manufaa.

Msaidizi wa namna hiyo unampa zana za kufanyia kazi, na kila zana unaiandikia maelezo: inafanya nini, itumike lini, isitumike lini. Yeye haoni kilicho ndani ya zana. Anasoma ujumbe wa mtu, anasoma maelezo yako, kisha anachagua. Wangu nilimpa zana mbili. Moja ilituma tangazo la msiba, nyingine iliita wabebaji wa machela.

Tangazo la msiba lilinichukua muda mrefu. Niliandika "ametutoka", nikabadilisha kuwa "ametangulia", nikarudisha "ametutoka", nikahamisha koma. Nilijua watu watalisoma, na nilitamani waseme aliyeandika hili ana adabu. Maelezo ya zana yangesomwa na mashine tu. Kwa hiyo, kwenye zana ya msiba niliandika: "Tumia mwanachama anapopatwa na jambo." Kwenye ile nyingine: "Huita watu wa machela." Nikaenda kula.

Asubuhi moja ya msimu wa kuchuma kahawa, bibi mmoja jirani yetu aliteleza kibanjani, kati ya migomba, akaumia nyonga. Mkwewe aliandika kwa msaidizi: "Mama amezidiwa, hawezi kuinuka, tunaomba wanachama waje." Hakutaja machela. Kwa nini ataje? Kwetu nani asingeelewa? Msaidizi akapima ujumbe ule na maelezo yangu, akaona mwanachama amepatwa na jambo, akalituma tangazo langu kwa kikundi kizima, na jina la bibi ndani yake.

Lilinikuta nakunywa chai. Kitu cha kwanza nilichofanya ni kuangalia kama koma imekaa vizuri. Baada ya hapo ndipo nilipomsikitikia bibi.

Watu walikwenda, lakini walikwenda kimsiba, na msiba hauna mbio. Waliacha majembe, maana kwetu hakuna anayelima kabla ya maziko. Wakakata ndizi, wakafunga kuni, wakatembea kwa utaratibu. Nilifuatana nao na mkungu begani. Wanawake walianza kulia tulipoingia njia ya kushukia kwake. Mkwewe akatoka uani, akatutazama nyuso, akatutazama mikono.

"Machela iko wapi?"

Kutoka ndani ilisikika sauti ya bibi, imechoka, ikiuliza nani amekufa.

Machela ilikuwa kwa mwenyekiti, juu kilimani. Wanaume walikimbia kuifuata. Bibi akangoja mkekani, ameuma pindo la khanga yake, huku mikungu ya msiba wake imepangwa ukutani. Nilishika mti mmoja wa machela kupanda kilima, na njia nzima sikuthubutu kumtazama.

Barabarani, gari lilipoondoka naye, mwenyekiti aliniuliza mbele ya watu kama ni hitilafu ya mtandao. Nikasema, "Labda." Watu wakaulaani mtandao, wakarudi makwao. Neno hilo moja liliniondolea usingizi kuliko tangazo lenyewe. Wanaume walipokuwa wameifuata machela, mimi nilikuwa nimekimbia nyumbani, nikafungua kompyuta, nikaona kosa ni la nani.

Bibi aliporudi kutoka hospitali, akitembelea magongo, nilikwenda kumwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Leo umekuja na mkungu au mikono mitupu?"

Mkwewe alicheka. Mimi nilishindwa. Nilimweleza bibi kwamba haukuwa mtandao, nikamweleza na hizo zana, na jinsi mashine inavyofuata maelezo tunayoiandikia. Akataka asikie nilivyoandika. Nikamsomea.

"Jambo gani?" akauliza.

"Msiba, bibi."

"Sasa hapo msiba uko wapi?"

Kisha akataka nimsomee na lile tangazo. Nilikataa, akasisitiza kuwa ni lake. Nikalisoma nikitazama chini. Alisikiliza hadi mwisho.

"Ni zuri," alisema. "Litunze, siku moja nitalihitaji. Lakini safari hiyo muulizeni mkwe wangu kwanza."

Nilirudi nyumbani nikafuta ule mstari. Niliandika: "Tumia pale tu mtu wa familia anaposema wazi kwamba mwanachama amefariki. Usitumie kwa ugonjwa, ajali wala kuzidiwa. Hapo ita wabebaji. Kabla ya kutuma, muulize aliyeandika athibitishe. Asipojibu, usitume." Sentensi zilikuwa nzito na hazikuwa na mvuto. Niliziacha hivyo hivyo.

Kisha nikampigia mwenyekiti kumwambia habari ya ile "labda". Alinisikiliza bila kunikatiza. Akasema alikuwa anajua. Siku ile mtandao ulikuwa mzuri, na alikuwa anangoja nipige.