Alichoninyima Mdogo Wangu

Mimi nina wivu. Sisemi ili nihurumiwe, wala msiniombee; nimeshaombewa sana na haukutoka. Nilizaliwa kifungua mimba, nikakaa na mama peke yangu miaka michache ya raha, halafu akaletwa mdogo wangu akiwa amefungwa shali, na wote waliokuja kumwona wakanipita mlangoni kama kiti. Tangu hapo nimemhesabia kila kitu: nani kapewa paja la kuku, nani kashonewa gauni lenye mkanda, nani anaitwa "mami" na mama, na kwa sauti gani.

Lakini kazini tulikuwa kitu kimoja. Sisi ni wasusi, na saluni yetu ilikuwa chumba kidogo Ruiru, nyuma ya steji ya matatu. Kichwa kimoja tulikishika wawili. Mimi kushoto, yeye kulia, mteja katikati na simu yake, na tunasuka kutoka masikioni kuelekea utosini mpaka mikono yetu ikutane. Shida ya kusuka wawili ni mkazo. Mmoja akivuta kuliko mwenzake, mteja anatoka hapo na nyusi moja juu, nyingine chini, na hatarudi. Sisi hatukuwahi kuharibu. Mkono wangu uliujua wake bila kutazama. Hata siku ambazo tumenuniana tangu Ngoingwa, nyumbani kwa mama tulikoishi wote, vichwa vyetu vilitoka sawa.

Kisha akaanza kushika vichwa peke yake.

Ilianza na mteja mmoja, mwanadada wa kilabu kando ya barabara kuu, aliyekuja kusukwa zile rasta ndefu zinazomaliza siku nzima. Alimwona mdogo wangu akipiga miayo, akamwambia ana kitu cha kumchangamsha. Hilo nilikuja kulijua baadaye. Wakati ule nilichoona ni mdogo wangu akisuka tangu tunapofungua mpaka tunapofunga, bila kukaa, bila kulalamika mgongo, vidole vikiruka. Wateja wakaanza kumngoja yeye. Mtu anaingia, ananikuta nimekaa bure na kitana mkononi, anasema, "Wacha ningoje huyo mwembamba."

Mwembamba! Kwetu hakuna mwembamba. Sisi ni watu wa nyonga, tangu nyanya. Lakini yeye mwili ulimwisha, shingo ikarefuka, mashavu yakachongeka, na nguo zangu za zamani nilizokata tamaa nazo zikamkaa kana kwamba zilishonwa zikimngoja. Mimi nilikuwa nanywa maji ya ndimu kila asubuhi na kutembea mpaka steji badala ya kupanda boda, na sikupungua hata tundu moja la mshipi. Roho iliniuma. Alipoanza kuota vidonda vidogo mashavuni, kwa kujikunakuna, nilifurahi kidogo.

Nyumbani ndiko kulikonimaliza. Mama akipakua githeri, mdogo wangu anasukuma sahani, hana njaa. Mama akiamka kunywa maji anamkuta macho, anatembea sebuleni, midomo ikicheza. Mtu mwingine angeuliza maswali. Mama yangu ni wa lile kundi la kina mama kanisani wanaofunga na kukesha, na kwake mtu asiyekula, asiyelala, na ambaye midomo yake inacheza peke yake, ana jina moja tu: mwombaji. Na kwetu aliyefunga haulizwi. Ukimuuliza umemharibia. Basi hakumuuliza.

"Unaona mwenzako?" mama aliniambia, akinitazama nikijiongezea githeri. "Amepata mzigo wa maombi. Na wewe?"

"Mimi nimepata njaa, mum."

"Cheka tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa."

Akasimama kanisani akamtolea ushuhuda. Mimi nimeimba alto kwenye kwaya tangu nikiwa shule, nimebeba viti, nimepika chai ya mikutano, na hakuna Jumapili hata moja mama alisimama kunishuhudia. Sasa kina mama wakawa wanamwita mdogo wangu mbele awaombee. Naye aliomba kwa kasi ya ajabu, maneno yakigongana, jasho likimtiririka, akiruka kutoka ombi hili hadi lile kabla ya amina. Wakasema ana upako. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, aliomba mpaka watu wakalia.

Siku moja adhuhuri nilimfuata kwenye kile chumba cha nyuma ya saluni tulikoweka mitungi ya maji. Alikuwa ameinama konani, na aliponiona akafumba kiganja. Nilikuwa nimeshaona: vipande kama chumvi ya mawe, vinang'aa, ndani ya kijikaratasi cha nailoni. Si mimi wa kudanganywa kwamba hizo ni vitamini. Dada mwingine angepiga nduru. Mimi nilichowaza ni, kumbe! Kumbe si upako wala si kipaji, ni kitu, na kitu kinaweza kugawanywa.

"Nipe na mimi," nikasema.

"Nini?"

"Hiyo. Kidogo tu."

Macho yake yalikuwa meusi yote, ile mboni imemeza jicho. "Wee, hapana. Hii si yako."

"Kila kitu ni chako siku hizi. Wateja ni wako, mum ni wako, hata Mungu ni wako. Nipe, bana."

"Nimesema hapana, siz. Toka."

Akanisukuma nje kwa bega na kufunga mlango. Nilimaliza siku ile nikisuka kwa hasira, na mteja wangu akaniuliza kama nimegombana na nywele zake.

Haukupita muda mrefu kanisa likaingia kwenye maombi ya kufunga, na Jumapili ya kufungua, mdogo wangu akaanguka mbele ya madhabahu katikati ya ombi. Kwetu mwanamke akianguka akiomba, kina mama humfunika leso, wakamzunguka wakiimba, na hakuna anayemgusa mpaka ainuke mwenyewe. Kumgusa ni kuingilia kazi isiyo yako. Wakamfunika. Wakaimba. Mama alikuwa analia kwa furaha.

Mimi nilikuwa huko juu kwenye kwaya, naimba alto na nachemka. Hata Roho kampa yeye! Kisha nikaona leso inaruka pale miguuni, inaruka sana, nikajiambia huyu anaigiza. Nikashuka, nikapenya katikati ya kina mama, nikainama nikafunua leso. Nilitaka kumuumbua, basi. Hakukuwa na huruma pale.

"Muache! Roho anafanya kazi!" mama mmoja akanivuta mkono.

Meno yalikuwa yamekazana, na damu ya ulimi ilikuwa inatoka pembeni mwa mdomo. Macho yamegeuka. Nilipomshika, alikuwa moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Nikaweka kiganja kifuani mwake, moyo ulikuwa unakimbia hata sikuweza kutofautisha pigo na pigo.

"Mum, huyu ni mgonjwa! Si Roho huyu! Tafuteni gari!"

Waliimba ubeti mzima kabla mama hajanielewa.

Hospitalini Thika, daktari alitwambia bila kupamba. Ni methamfetamini, ile vijana wanaiita aisi. Inaamsha mwili wote kwa pamoja na kuukataza kupumzika. Njaa inakufa, usingizi unakufa, moyo unapigishwa mbio mpaka siku moja usimame, na joto linapanda mpaka ubongo unaugua. Tungechelewa kidogo tungekuwa tunapanga mazishi, alisema. Mama akamuuliza, "Lakini si alikuwa amefunga?" Daktari hakulielewa swali.

Pale kwenye benchi la nje nilimweleza mama kuhusu chumba cha nyuma, kwamba niliomba na nikanyimwa. Nilitarajia anitukane. Badala yake alinishika mkono, mama yangu ambaye hana desturi hiyo.

"Alikukinga," akasema. "Ngai! Ona vile anakupenda. Hata ndani ya shimo alikukumbuka, mami."

Aliniita mami. Niliyashika maneno yale na sikuyaachia. Watu wote wangeweza kumlilia mdogo wangu, kumletea uji kwenye chupa, kumfungia maombi mapya, lakini ni mimi peke yangu niliyekingwa naye. Hilo hawakuwa nalo wengine, hata mama.

Alitoka hospitali akala, akalala, akalia, akaapa. Tukashika tena kichwa kimoja wawili. Lakini mkono wake sikuujua tena, mara unavuta, mara unalegea, na mimi kila mara nafumua upande wangu niufuate. Hakukaa sana akairudia ile dawa. Nilijua siku aliposuka mistari ya mama mmoja, akaifumua, akaisuka, akaifumua, tangu asubuhi, akisema mistari inamcheka, mpaka ngozi ya kichwa ikatoa damu na yule mama akaondoka analia na kichwa nusu. Nilipojaribu kumshika akaniinulia kile kitana cha mkia, akasema mimi na wateja tunapanga kumuua kwa simu. Kesho yake hakuonekana.

Nilimtafuta kwa kuulizauliza mpaka nikampata Kiandutu, mtaa wa mabanda, kwenye chumba cha kupanga cha mtu nisiyemjua. Alikuwa amekaa sakafuni, ameifungua yote draya ya saluni yetu aliyoondoka nayo na kuzipanga skrubu zake kwa ukubwa, kisha anazivuruga na kuzipanga upya. Jino moja la mbele lilikuwa limevunjika. Na alikuwa na furaha. Nimesema furaha na sifuti. Nilimwita jina lake, nikaliita tena, hakuinua macho, alikuwa na kazi. Nimeonea wivu watu wengi, lakini siku ile nilionea wivu kitu kinachotosha juu ya ukucha. Kilikuwa kimempata mdogo wangu mzima, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni nikiwa nimemletea maandazi.

Mama na wenzake wa kanisa walimpatia nafasi Kalimoni, kwenye nyumba ya wanawake wanaotibiwa uraibu, imezungukwa na mashamba ya mahindi. Wageni wanaruhusiwa Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku ya vichwa; mteja wa Jumamosi ukimkosa, msusi mwingine kashampata. Nilienda kila Jumamosi hata hivyo. Mshauri wa pale alitukalisha mimi na mama akatueleza kwamba ile dawa humpa mtu raha kubwa kuliko mwili ulivyoumbwa kubeba, na baadaye vitu vya kawaida havina ladha: chakula, jua, kuimba, watu. Inachukua muda mrefu ladha kurudi, na hamu inaweza isiondoke kabisa. Mama aliitikia kwa kichwa. Mimi nilisikia tu hapo kwenye watu.

Jumamosi moja mama alienda kuongea na mpishi, tukabaki wawili kwenye ngazi ya saruji. Mdogo wangu alikuwa na zamu ya jikoni, anapukuchua maharagwe kwenye ungo. Alikuwa amenenepa kidogo, na vidonda vya mashavu vimekuwa madoa. Nilikuwa nimelibeba swali langu muda mrefu, na nililiuliza kwa sababu nilidhani nalijua jibu. Nilitaka kulisikia kwa mdomo wake.

"Siku ile nyuma ya saluni. Nilikuomba, ukaninyima. Mum anasema ulikuwa unanikinga."

Aliendelea kupukuchua. "Unataka nikuambie poa, ama ukweli?"

"Ukweli."

"Ilikuwa imebaki kidogo."

Akatupa ganda, akachukua jingine.

"Ingekuwa mingi ningekupa, siz. Aki ningekupa na roho safi. Nilikuwa nimechoka kuwa peke yangu nayo."

Basi ndivyo nilivyopona. Si kwa upendo wa mtu, wala kwa maombi ya mama, wala kwa akili yangu, maana akili yangu ilikuwa imenyoosha mkono. Nilipona kwa uchoyo. Ningekuwa nimekaa naye kwenye sakafu ile ya Kiandutu tukigombania skrubu. Nilipaswa kushukuru, na labda nilishukuru, lakini kilichoniuma ni kitu kingine kabisa: kwamba alipaswa kuchagua kati yangu na hiyo kitu, na mimi sikuwa hata kwenye mizani.

"Bado unaitamani?" nikamuuliza.

"Kila siku."

Hakufikiri hata kidogo. Na sauti ilimlegea aliposema hivyo, ilikuwa sauti ya mtu anayemtaja mpenzi wake wa zamani mbele ya mumewe. Mimi ni mtu mzima, nina mvi pembeni, na bado nikasikia mdomo wangu ukiuliza, "Na mimi je?"

Hapo aliacha kupukuchua. Alifikiri kweli, nilimwona akitafuta, hakutaka kunidanganya.

"Wewe nakumiss Ijumaa," akasema. "Jioni hivi. Nikijua kesho mnakuja."

Maharagwe mengine yalikuwa yameanguka kwenye ngazi. Niliyaokota nikayarudisha kwenye ungo, tukapukuchua pamoja mpaka mama aliporudi. Wiki iliyofuata nilimdanganya mama kwamba wamebadilisha saa za wageni, wanafungua saa sita. Mimi nilikuwa getini tangu asubuhi, peke yangu, nangoja wafungue.